Mluzi wa Wilf Entwistle

Wilf Entwistle alipofariki, gazeti la Saltby liliweka picha yake akiwa amevaa aproni ya mistari, msumeno wa mifupa mkononi, na juu yake kwa herufi nene: BUCHA WETU HATUNAYE TENA. Asiyemjua angedhani mji umepoteza mchinjaji. Kumbe marehemu alikuwa hali nyama. Harufu ya damu ilimchafua tumbo tangu utotoni, na miaka yote niliyomfunga kamba za ile aproni, chakula chake cha mchana kilikuwa mkate, jibini na vitunguu vya siki.

Mimi nilikuwa mvalishaji wake. Kazi ya mvalishaji ni kumfunga mtu vifungo asivyovifikia, kumshikia koti gizani, na kunyamaza. Mbili za kwanza naziweza vizuri.

Wilf alitaka jambo moja tu maishani, nalo halikuwa televisheni. Alitaka kusimama jukwaani, mbele ya watu waliolipa wakakaa, aseme maneno yake mpaka pazia lishuke. Unaweza kusema, mwigizaji gani hataki hilo? Ni kweli. Lakini yeye alicheleweshwa na mluzi, na mluzi wenyewe aliupiga mwaka 1955.

Alizaliwa Oldham, mtoto wa fundi mitambo wa kiwanda cha pamba. Baba yake alitaka amrithishe spana. Wilf alizikataa zile spana, akaja Saltby na sanduku moja na suti ya marehemu mjomba wake, akaajiriwa kwenye ukumbi wa michezo wa hapo karibu na bahari. Siku hizo walionyesha igizo jipya kila wiki. Jumatatu usiku mnafungua hili, Jumanne asubuhi mnaanza kukariri la wiki ijayo, na ikifika Ijumaa hakuna anayejua yeye ni mwuaji au ni padri.

Nyota wao alikuwa Aubrey Fanshawe. Mrefu, pua ya kifalme, sauti ambayo ikisema tu "habari za asubuhi" wanawake wa safu ya mbele wanafungua mikoba kutafuta leso. Wilf alipewa kumletea telegramu katika sehemu ya kwanza. Mstari wake ulikuwa: "Telegramu yako, bwana." Basi. Aliukariri ufukweni mpaka shakwe wakamzoea.

Jioni ya ufunguzi alitumwa chumba cha Aubrey kuchukua rangi ya viatu. Chumba kile kiko chini, kina mlango mwingine unaotokea uani. Wilf alikuwa amejaa furaha. Aliinama kutafuta kopo, akasahau yuko wapi, akapiga mluzi.

Nyuma ya jukwaa hapigi mluzi mtu. Wanasema zamani wavuta kamba wa juu walikuwa mabaharia, na waliitana kwa mluzi. Ukipiga wako ovyo, unaangushiwa ukuta mzima wa mbao kichwani. Mabaharia wamekwenda zao siku nyingi, ishara sasa ni taa nyekundu na kijani, lakini mwiko ni ule ule. Ukiuvunja, unatoka nje. Unajizungusha mara tatu, unatukana, unagonga, na unangoja aliye ndani akukaribishe. Ukikaribishwa, mkosi umekwisha. Usipokaribishwa, hilo hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu hakuna ambaye hajawahi kukaribishwa.

"Nani huyo?" Aubrey aliuliza kwenye kioo, nyusi moja imepakwa wanja, nyingine bado.

"Ni mimi, Bwana Fanshawe. Entwistle. Wa telegramu."

"Toka nje, wa telegramu. Unajua la kufanya?"

"Najua, bwana."

"Na tusi liwe la maana. Usije ukasema 'mjinga we'. Nataka tusi la Oldham."

Wilf alitoka uani, mlango ukajifunga nyuma yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Alijizungusha, akatoa tusi ambalo baba yake alilihifadhi kwa mtambo namba saba, akagonga. Kimya. Akagonga tena.

Mtu mwenye akili za kawaida angezunguka jengo na kupitia mlango wa mbele wa waigizaji, ambako bawabu alikuwa amekaa na birika lake la chai. Lakini Wilf alikuwa mgeni, na mgeni hushika miko kuliko wenyeji. Aliambiwa kwamba aliyetolewa kwa mlango huu huingia kwa mlango huu huu, kwa kukaribishwa, na akipenyea kwingine anaingia na mkosi wake. Basi alisimama pale anagonga, maji yanamtiririka ndani ya kola, huku ndani kengele inalia na pazia linapanda.

Jukwaani, telegramu haikuja. Aubrey aliutazama mlango wa kuigizia, akaweka mkono kifuani, akawaambia watu kwamba moyo wake umeshamletea habari ambazo hakuna karani wa posta angeweza kuzileta. Walimpigia makofi. Mapumzikoni bawabu alikwenda uani kuvuta sigara, akamkuta Wilf amelowa chapachapa, bado anagonga. Meneja alimfukuza kabla suti ya mjomba haijakauka.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wilf alihamia Manchester, akasoma matangazo ya sabuni redioni, akawa maiti kwenye televisheni mara kadhaa, mpaka akapewa wiki mbili katika tamthilia ya *Mtaa wa Gasi* kama Perce Tattersall, mwenye bucha. Wiki mbili zilizaa miaka kumi na minane. Kila Jumatatu na Alhamisi, nchi nzima ilikaa na sahani mapajani kumwona akiegemea kaunta na kusema, "Leo nikukatie nini, mpenzi?" Kwetu kila mtu ni mpenzi, hata aliyekukanyaga mguu, lakini yeye alilisema neno lile mpaka wajane wakamwandikia barua.

Mimi nilimjua hapo studio. Nyama zilikuwa za kweli siku ya kwanza tu. Taa zilizichemsha, Wilf akatapika kwenye ndoo ya mikojo ya farasi iliyobaki kutoka igizo jingine. Kuanzia siku hiyo tukatumia nyama za plasta zilizopakwa rangi na vanishi. Alikuwa hodari, na nasema hivyo kama mtu ambaye si mwepesi wa kusifu. Alishika kisu kama aliyezaliwa nacho. Wachinjaji wa kweli walimwalika kwenye karamu yao ya mwaka, akaenda, akala viazi.

Lakini kila nilipomfunga aproni, hadithi ilikuwa ile ile.

"Alinisikia, Edie. Alinisikia nikigonga, akaniacha."

"Kwa nini akuache?"

"Wivu."

"Wivu wa mstari mmoja, mpenzi?"

"Hukusikia jinsi nilivyousema mazoezini."

Perce walimwua ndani ya chumba chake cha barafu, mlango umemfungia. Mwandishi hakujua anachomfanyia Wilf, na Wilf hakumwambia. Watu walileta mashada ya maua kwenye geti la studio, moja limesukwa kwa umbo la soseji. Wiki ile mkewe, Nora, alikwenda kununua mkate, na mwanamke mmoja akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana kwa msiba, mpenzi. Alikuwa mtu mwema."

"Ahsante," Nora alisema, na Wilf amesimama pembeni yake na kikapu. "Lakini usiku bado anakoroma."

Sasa alikuwa huru kurudi jukwaani, na kumbi zilimtaka, maana uso unaojulikana unauza tiketi. Mazoezini hakuwa na tatizo. Alikuja na maneno yake yote kichwani, akawafundisha na wengine ya kwao. Taabu ilikuja jioni ya ufunguzi, mjini Leeds. Alisimama gizani pembeni mwa jukwaa, mimi nyuma yake na koti, zamu yake ikafika, na miguu ikagoma. Nilimsukuma. Nilimfinya. Alikuwa mzito kama kabati. Walimwingiza mwigizaji wa akiba na karatasi mkononi. Miaka miwili baadaye, Sheffield, mambo yakawa yale yale.

"Bado niko nje," aliniambia ndani ya gari. "Sikukaribishwa, Edie. Unanielewa?"

"Nakuelewa kwamba unahitaji daktari."

Alikwenda kwa daktari. Daktari alimwomba amtilie saini picha ya Perce kwa ajili ya mama yake.

Miaka ikapita hivyo: matangazo ya biashara, kukata utepe kwenye maduka mapya ya nyama, na simu iliyozidi kukaa kimya. Kisha mwaka 1999 Saltby ikapiga simu. Ukumbi ule ule, igizo jipya, mzee anayetengeneza saa. Meneja mpya, msichana mwenye nywele fupi, hakuzunguka. "Nimesikia habari za miguu yako," alimwambia. "Mimi nakuamini. Lakini ikigoma hapa, Wilf, hakuna atakayekuita tena, na hata mimi sitaweza." Wilf alikuwa na miaka sitini na mitano. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Nora ndiye aliyetoa wazo. Tulikuwa jikoni kwao, wiki moja kabla ya ufunguzi, anatumiminia chai.

"Aubrey Fanshawe bado yu hai," alisema. "Yuko kwenye ile nyumba ya waigizaji wazee, kule kilimani. Nendeni mkamalizane naye. Mimi nimechoka kulala na mtu anayegonga ubao wa kitanda usingizini."

"Anagonga?" nikauliza.

"Ko ko ko. Halafu anangoja. Kuna usiku nimewahi kumwambia ingia. Haisaidii. Anataka yule."

Tulikwenda Jumapili. Wilf alivaa tai. Njiani alikuwa anajisemea maneno aliyotaka kumwambia mzee yule, na yalikuwa maneno makali. Mengine nilimshauri ayapunguze kwa heshima ya umri. Nyumba yenyewe ilinukia kabichi na poda. Tulipopita ukumbini, vichwa vyeupe viliinuka kutoka kwenye viti kama maua yaliyomwagiwa maji, na bibi mmoja aliyewahi kuwa malkia mara nyingi kuliko malkia mwenyewe akapaza sauti, "Perce! Nusu kilo ya ini!"

Aubrey alikuwa amekaa dirishani chumbani kwake, blanketi magotini. Mrefu bado, pua ya kifalme bado. Sauti ilibaki nzima. Ilikuwa ya mtu ambaye nyumba yake imebomoka ikabaki kengele ya mlangoni.

"Muuza nyama!" alisema. "Karibu, karibu. Hapa tunakutazama wote. Kaa kitandani. Na huyu mama?"

"Edie," nikasema. "Mvalishaji."

"Mvalishaji! Basi kuna mtu mmoja mwenye akili chumbani."

Wilf alisafisha koo. Nilijua anaanza na yale maneno makali. "Bwana Fanshawe, unaukumbuka mwaka 1955? Saltby?"

"Saltby!" Mzee alipiga blanketi kwa kiganja. "Ngoja nikuchekeshe. Saltby kulikuwa na kijana mmoja mpumbavu, ametoka huko viwandani, analeta telegramu. Akapiga mluzi chumbani kwangu. Nikamtoa nje. Mara meneja akaniita, wigi langu limepotea, tukaanza kutafuta wigi, kengele ikalia, nikaingia jukwaani. Nimesimama pale nangoja telegramu, haiji. Nikasema moyoni, Mungu wangu! Yule kijana! Nimemsahau uani!"

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimpa maji.

"Na unajua alifanya nini? Alikaa kwenye mvua mpaka mapumzikoni! Anagonga! Mlango wa mbele uko wazi, bawabu ana chai. Sijaona mpumbavu kama yule maisha yangu yote."

Nilimtazama Wilf. Miaka arobaini na minne alikuwa amemjengea mtu yule wivu, hila, na roho mbaya, na kwa namna fulani alikuwa anajipa heshima, maana mtu humfungia mlango yule anayemwogopa. Kumbe hakuna aliyemwogopa. Lilikuwa wigi tu. Shoka husahau, mti hausahau. Nilimwonea huruma kuliko hata usiku wa Leeds.

"Ni mimi," Wilf alisema.

"Nani?"

"Yule kijana. Wa telegramu. Ni mimi."

Aubrey alimtazama kwa adabu, akatikisa kichwa. "Hapana, mpenzi. Wewe ni muuza nyama."

Wilf alisimama. Sikuhitaji kuuliza anakwenda wapi. Alitoka, akavuta mlango nyuma yake, nikamsikia kwenye korido akijizungusha, mkono unakwaruza ukuta kwa sababu magoti hayakuwa tena ya 1955. Kisha likaja tusi la mtambo namba saba. Nesi mmoja aliangusha kitu. Kisha akagonga, ko ko ko.

Aubrey aligeuka kutoka dirishani. Dakika ile ile tu, na kumbukumbu ilikuwa imeshafutika usoni mwake.

"Nani anagonga?"

"Ni Wilf," nikasema. "Mkaribishe."

"Wilf gani?"

"Wilf Entwistle. Kijana wa telegramu, wa Saltby. Sema ingia tu, Bwana Fanshawe. Nakuomba."

"Simjui." Alianza kuogopa, vidole vinavuta pindo la blanketi. "Simjui mtu huyo. Mwambie aende zake."

Mlango ulikuwa mwembamba. Wilf alikuwa anasikia kila neno. Nikaona hofu ya mzee inazidi, nikasema la kumtuliza kwanza. "Ni Perce. Mwenye bucha."

"Aa, Perce!" Uso ukarudi wote. "Mbona hukusema? Aingie, aingie! Mwambie alete soseji!"

Mlango haukufunguka. Nilihesabu pumzi zangu, nikafikiri amekwenda zake garini, na kama angekwenda nisingemlaumu. Kisha kitasa kikazunguka. Aliingia akifuta mikono kwenye aproni ambayo haikuwepo, akaegemea meza ya dawa kama kaunta, akainamisha kichwa.

"Leo nikukatie nini, mpenzi?"

"Soseji," alisema Aubrey Fanshawe. "Zile nene."

Wilf alizitoa kwenye kulabu, akazipima, akasukuma mizani kidogo kwa kidole cha mwisho ili mteja aone na acheke, akafunga karatasi, akakata uzi kwa meno. Hakukuwa na kitu mikononi mwake. Nilimvalisha miaka yote ile na sikuwahi kumwona akiigiza vizuri vile, na hapakuwa na kamera, na mtazamaji wa pekee angesahau kabla ya chai. Nililia, sioni aibu kusema. Mzee alipokea kifurushi kwa mikono miwili, akakiweka mapajani.

Tulikuwa ndani ya gari, taa za Saltby zinaanza kuonekana.

"Wigi," alisema.

"Wigi," nikasema.

Jioni ya ufunguzi alipewa chumba kile kile cha chini, kile chenye mlango wa uani, kwa sababu kiko karibu na jukwaa na ngazi zilikuwa zinamchosha. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini Saltby mvua si habari. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake napunguza suruali ya fundi saa, pini zimejaa mdomoni. Spika ya ukutani ikatangaza kwamba tumebakiwa na nusu saa. Niliitazama miguu yake, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo machoni. Ilikuwa imeanza kukakamaa, kama Leeds, kama Sheffield.

Akapiga mluzi.

Mpaka leo Nora anasema ulimtoka tu. Mimi nilikuwepo. Mluzi unaokutoka tu hauna mwanzo, kati na mwisho.

Mlango wa chumba cha jirani ukafunguka. Mtu akasema, "Mungu wangu, ni Entwistle."

"Toka nje," nikasema kupitia pini.

Alitoka uani na suruali yenye mguu mmoja mrefu. Mlango ukajifunga. Nilimsikia anajizungusha kwenye maji, taratibu, moja, mbili, anapumzika, tatu. Baba yake angelifurahia lile tusi. Nami nikawa najitahidi kuinuka, na magoti yangu nayo si ya 1955, na akagonga mara moja tu.

Nikazitema pini zote sakafuni, nikafungua.